Ng'ombe wa Tusekile na Sheria za Wayunani

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, ni hii ya juzi ya simu za kugusa, wafugaji wa Rungwe walikuwa na grupu lao la kujifunza. Mwenye grupu alikuwa Mwalimu Lugano, mstaafu aliyependa habari za Wayunani wa kale kuliko chakula.

Akasema, "Wayunani walikuwa na vyuo. Chuo kimoja, mgeni alinyamaza kwanza, akasikiliza. Chuo kingine, mwalimu hakutoa jibu, aliuliza tu mpaka mwanafunzi alipate mwenyewe. Nasi tufanye vivyo hivyo." Wakafanya, na wakajifunza kweli, tusiwaonee.

Asubuhi moja Tusekile akaandika: "Jamani, ng'ombe wangu kavimba tumbo, anahema kwa shida. Ndiye huyo mmoja tu, ndiye maziwa ya wanangu. Nifanyeje?"

Ambilikile, mjuzi wa grupu, akauliza, "Amekula nini?"

"Majani ya maharage yenye umande."

"Yakifika tumboni yanazaa nini?"

Tusekile akafikiri. "Gesi?"

"Vema, dada. Na gesi huvunjwa na kitu gani?"

Tusekile akafikiri tena. Ng'ombe akapiga magoti.

Bupe, mgeni wa grupu, alikuwa akiyasoma yote. Kwao waliwahi kumponya ng'ombe wa namna hiyo kwa mafuta ya kula. Vidole vilimwasha, lakini mgeni haandiki, naye hakuandika.

Tusekile alipolipata jibu, "Mafuta!", ng'ombe alikuwa amekwisha kufa. Akalia kama aliyefiwa, na kweli alifiwa.

Grupu likakubaliana: mmoja wao, yule mwenye kosa kubwa, ampe mtamba, ng'ombe jike mchanga, kuwa fidia. Nani?

Ambilikile akasema, "Mimi ndiye pekee niliyemjibu. Na mwaka jana maswali ya namna hiihii yalimwezesha Tusekile kumwokoa kwa akili yake mwenyewe yule ndama aliyemuuza baadaye."

Bupe akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Ninyi mkanifunga mdomo. Mgeni aliyenitangulia aliandika neno moja tu, mkamtoa."

Mwalimu Lugano akasema, "Kabla ya sheria zangu kila mgeni alikuwa daktari, ng'ombe wakanyweshwa hata sabuni. Nimeokoa wangapi? Asubuhi ile nilikuwa kanisani, simu nimeizima. Ningeona, ningemruhusu Bupe aandike."

Tusekile akayasoma yote, akaandika, "Wanangu wanaulizia maziwa."

Haya, msinitazame mimi, mimi sina hata mbuzi. Semeni ninyi: mtamba atoke zizi la nani?