Fomu ya Maji ya Mzee Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na kiu.

Basi mwaka huo bwawa lenye maji lilibaki moja tu, na Mzee Kiboko alikuwa amelikalia. Akatangaza kwamba anayetaka kunywa ajaze fomu kwenye simu. Akamwita Kindi, fundi wa mitandao, akamwagiza aiwekee kurasa nyingi, na atakayebonyeza Rudi, yote aliyojaza yafutike. Alitaka watu wachoke waende zao. Kindi aliona ubaya wake, lakini mama yake alikuwa hoi kwa kiu, na Kiboko alimwahidi mtungi wa maji. Akaitengeneza.

Mtungi haukuja. Kiboko alisema hata mama wa fundi ajaze fomu.

Mama akajaza. Jina, tii! Endelea. Ukoo, tii! Endelea. Akakumbuka ukoo kaukosea, akabonyeza Rudi. Fyuu! Kweupe. Akaanza upya. Kindi aliporudi kutoka kutafuta umande, alimkuta amelala na simu kifuani.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimekaribia."

Hakusema tena.

Kindi alilia mpaka sauti ikamkauka. Alijua vizuri ile fomu ni mkono wa nani. Kisha akaenda bwawani, akamwambia Kiboko kwa adabu kwamba kuna bwawa kubwa zaidi nyuma ya kilima, na mwenye nguvu kama yeye anaweza kuliomba. Kiboko macho yakamtoka, akaipokea simu yenye fomu mpya aliyoitengeneza Kindi.

Jina, tii! Endelea. Picha yako ukingoni, tii! Endelea. Picha yako kileleni. Kiboko akapanda, puu, puu, jua likimchoma mgongo. Tii! Ukurasa uliofuata ukasema: Subiri hapo ulipo. Ukiondoka, yote yatafutika.

Akasubiri. Kule chini akawaona wanyama wakinywa, gubu, gubu, gubu. Akataka kushuka. Akazitazama kurasa alizokwisha kujaza, roho ikamuuma kuzipoteza. Akakaa. Akakaukia hukohuko.

Kindi akachota maji, akayamimina kwenye kaburi la mama yake. Udongo ukayanywa yote, akabaki na mtungi mtupu.

Funzo, wanangu: mkitengeneza fomu, msihifadhi kitu. Mmeona ilivyomsaidia Kindi.

Ngano yangu imekaukia hapo. Aliyetosheka akanywe maji, asiyetosheka aanze ukurasa wa kwanza.