Jina la Mtoto wa Korongoni

Nisikilizeni vizuri, maana mimi nimeshindwa.

Kijijini kwetu wapo watu watatu. Charo anajua wanyama. Ukimwita "Bwana Pimbi" anacheka na wewe. Nzingo, mchimba visima, akigonga mwamba anajua utasimama au utaanguka. Mama Kadii anajua kila kichaka cha korongo letu, lile la udongo mwekundu na mweupe linaloshuka kuelekea baharini.

Mwaka, mke wa Ngonyo, alikuwa mja mzito. Akatamani udongo mweupe wa kula, kama wajawazito wetu wengi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Akashuka peke yake, ukingo ukaporomoka, njia ikafungika. Mumewe akasimama juu analia: "Atakayemtoa, jina la mtoto ni lake!"

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na kwa jina hilo marehemu anarudi nyumbani. Haki hiyo ndiyo Ngonyo aliyoitoa kwa hofu.

Charo akatega sikio. "Pimbi wa kule chini wanapiga kelele za hofu, hawanyamazi. Mnyama angeshapita. Huyo ni mtu amekwama." Ndipo tukajua alipo.

Nzingo akagonga kuta. "Hapa pekundu pamelowa, msikanyage. Nifuateni kwenye udongo mweupe." Akatangulia, nasi hatukufukiwa.

Kamba hatukuwa nayo. Mama Kadii akachuna magome ya mti wa mkone, akasokota huku akitukemea: "Vuta wewe! Mikono ya kumega sima tu hiyo?" Kamba ikampandisha Mwaka mpaka juu, na kabla hatujafika nyumbani akajifungua msichana. Mkunga anasema hatazaa tena.

Sasa Charo anataka aitwe Sidi, mama yake. Nzingo anataka Mbeyu, binti yake aliyefia kisimani. Mama Kadii hana mtoto; 'Mama' tunamwita kwa heshima tu. Anataka Nyevu, dada yake. "Mkimpa mwingine," aliniambia, "nitakuwa nimemzika tena." Na kwetu marehemu wawili hawagawani mtoto mmoja.

Wameniletea mimi shauri hili kwa kuwa naongoza sala. Nimefunga, nimeomba, nikifumbua macho nawaona wote watatu. Hata nilimshauri Ngonyo avunje ahadi yake, Mungu anisamehe. Alikataa.

Bila Charo, tungemtafuta wapi? Bila Nzingo, nani angemfikia? Bila Mama Kadii, si tungebaki kumtazama tu? Je, ungekuwa wewe, jina ungempa nani?

Jumapili nambariki mtoto mbele ya watu. Tafadhali, niambieni nimwite nani.