Nguchiro na Ubao wa Mkonge

"Hadithi, hadithi!"
"Ije, tumekaa!"
"Haina miguu!"
"Ibebe uilete!"

Basi, penye mlango wa mto aliishi Nguchiro, peke yake. Jamaa zake wote walimkimbia Kiboko wakahamia kisiwani, ng'ambo ya mawimbi. Siku hiyo yeye alikuwa na homa, wakamwacha. Kila asubuhi aliita, "Hamjambo hukooo?" Kimya. Upweke ule, wenzangu, usikieni kwa jirani tu.

Akachonga ubao wa kupandia mawimbi, wa mvule, awafuate. Kiboko akaja, pwatu, pwatu, pwatu. Akauinua, akauangusha, ndii! "Mzito! Mzito ndio mzuri. Wangu!" Akachonga wa pili, wa mninga. Kiboko akaja, pwatu, pwatu, pwatu. Ndii! "Mzito! Wangu!" Na hata kuupanda hajui, jitu lile! Pwani ile wote walipima ubao hivyo, kwa kuuangusha.

Nguchiro akalia mpaka makamasi. Kisha akaenda kwenye mikonge iliyokwisha kuchanua, akakata milingoti yake ya maua iliyokauka, miepesi kama bisi. Akaipasua, akaipanga, akaigandisha kwa sandarusi, ile gundi ya mti, ikiwa ya moto. Akaivika kitambaa, akapaka sandarusi tena, akasugua kwa mchanga, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ikang'aa, ubao kamili. Akatengeneza na wa pili, sura ileile, ila tumboni akaujaza mawe.

Pwatu, pwatu, pwatu. "Leo ziko mbili?"

"Shikamoo mzee. Chagua."

Kiboko akaangusha wa kwanza. Pa! "Huu nini, unyoya? Wape wagonjwa!" Akaangusha wa pili. NDII! "Ubao ndio huu!"

"Kweli una jicho, mzee. Ila jifunge kamba mguuni, usije ukaibiwa."

"Nani aniibie mimi?" Akajifunga mafundo saba. Akaingia kilindini, akaulalia. Bubububu! Ubao chini, Kiboko chini. Nasikia bado anafungua fundo la pili.

Nguchiro akapanda wake, akapiga maji kwa mikono, wimbi la mwisho likamsukuma, fyuuu, mpaka kisiwani. Jamaa hao, mbio kumlaki!

"Shangazi! Ni mimi! Kiboko amezama!"

Shangazi akauinua ubao kwa kidole kimoja. "Lo, mwepesi! Amezama kweli?"

"Kweli, shangazi."

"Haya, watoto! Twendeni kwetu!"

Akapanda mmoja, wakapanda watano, wakapanda wote, ubao haukuzama hata kidogo. Nguchiro akainua mguu apande.

"Pamejaa, mwanangu," shangazi akasema. "Nawe hujambo lakini?"

Fyuuu! Wakaenda. Nguchiro akabaki mchangani na jibu lake mdomoni.

Ngano yangu imegota hapo. Tamu mle, chungu mteme. Na funzo lake, wanangu: ukiwaendea jamaa zako, nenda na kitu kizito.