Msumari wa Sista Gaudensia

Paukwa! Itikieni, hata kama mmetoka kulia.

Pakawa!

Ilikuwa Jumatano ya Majivu, saa kumi na moja alfajiri, Sista Gaudensia alipofariki. Alituacha bila picha yake. Ilivyotokea ni hivi.

Zamani hizo, kijijini, palikuwa na nyumba yetu ya masista, kongwe kuliko kanisa lenyewe. Kwenye korido zilitundikwa picha za masista. Waliokufa tu. Aliye hai hatundikwi. Kila jioni tulipita, viatu kwa! kwa! kwa! Tukasimama mbele ya uso, tukataja jina, tukasema, "Apumzike." Kwa! kwa! kwa! Uso mwingine.

Sista Bonosa alikuwa mkamuaji wetu. Mpiga picha akija, yeye yuko zizini.

"Sista Bonosa, njoo upigwe picha!"

"Ng'ombe hangoji."

Mwaka mwingine: "Sista Bonosa, njoo!"

"Ng'ombe hangoji."

Homa ikamchukua. Ng'ombe akabaki.

Msumari wa picha yake ukapigiliwa, ukakaa mtupu. Jioni, kwa! kwa! kwa! Miguu ikaupita. Hapana uso, hapana kusimama, hapana "Apumzike." Sista Gaudensia, rafiki yake tangu mafunzo ya unovisi, aliona. Akangoja mpiga picha arudi.

Bwana Kasiani mpiga picha aliporudi, Gaudensia aliketi kitini. Akabana midomo, akalaza shingo upande, kama Bonosa.

"Nipige. Chini andika Bonosa."

"Sista, huo si uongo?"

"Wewe piga. Kuungama nitaungama mimi."

Cha!

Mama Mkuu alipoiona picha ukutani, alivua miwani, akaivaa tena.

"Gaudensia, huyu ni wewe."

"Mimi bado sijafa, Mama. Kama ni mimi, iondoe. Kama ni Bonosa, iache."

Mama Mkuu akafikiri mpaka kengele ya sala ikalia. Akaiacha.

Jioni, kwa! kwa! kwa! Kimya. "Bonosa. Apumzike." Gaudensia akaitikia kwa sauti kubwa kuliko sisi wote, huku akiutazama uso wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakukubali kupigwa picha tena.

"Ukutani siwezi kukaa mara mbili," alisema. "Manovisi watachanganyikiwa."

Basi, asubuhi ile ya Majivu tulipekua sanduku lake. Rozari, shela, kandambili. Picha hakuna. Mama Mkuu, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akaomba nyundo. Ko! ko! ko! Msumari mmoja, kando ya Bonosa. Mtupu.

Jioni tukapita. Kwa! kwa! kwa! Miguu ikafika pale.

Ikasimama.

Ngano yangu inakomea kwenye msumari huo. Funzo lake: mpiga picha akija, ng'ombe angoje. Na mwenzako akikosa picha, wewe simama hivyo hivyo, mtaje.

Haya, simameni. Kwa Bonosa, na kwa Gaudensia wetu.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.