Zimwi na Nyanya za Mwanasiti

Sogeeni, nanyi mlio nyuma msikie. Palikuwa na mwanamke, Mwanasiti, ambaye tangu amzike bintiye hakulia wala hakucheka. Alilima nyanya tu, nazo ziliiva upande mmoja, upande wa pili zikabaki kijani.

Siku moja zimwi likapiga hodi bustanini. "Nipe nyanya iliyoiva yote, la sivyo nitakutafuna."

Akalichumia moja. Zimwi likaigeuza, likaona kijani, likaitupa. Siku ya pili likaja, likapewa, likatupa. Siku ya tatu likaja, likapewa, likatupa.

"Sasa ni zamu yako," likasema.

"Nitafune basi," Mwanasiti akajibu, akiendelea kupalilia.

Zimwi likamlamba mkono, likatema. "Huna ladha, mama. Hata hofu huna. Umefiwa na nani?"

Tangu matanga yaishe, hakuna aliyemuuliza. Mwanasiti akaweka jembe chini. "Na Zuhura, binti yangu. Alikuwa na miaka saba."

Zimwi likaketi kwenye tuta, likasikiliza habari za Zuhura mpaka zikaisha, kisha likaenda zake na njaa yake.

Mwanasiti akachuma nyanya, akaila yote. Upande wa kijani ulikuwa mchachu, naye akausikia uchachu ule, machozi yakamtoka.

Nami nimeishia hapo alipokaa akilia.