Pimbi Aliyekataa Suluhu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na jiwe."
"Jiwe la nani?"
"La atakayeliwahi. Kaeni sawa basi. Na wewe unayetafuna mhogo, tafuna taratibu, usinisahaulishe nilipofika."

Hapo kale Pimbi na Nyani waliishi kwenye mlima mmoja wa mawe. Pimbi mnamjua, ukimwona unadhani ni panya aliyenenepa. Nyani alikuwa na mikono mirefu, meno marefu, na uchoyo mrefu kuliko vyote. Kileleni palikuwa na jiwe moja bapa, na jua likichomoza lilianzia hapo. Nyani akalikalia. Asubuhi yupo, mchana yupo, jioni yupo.

Sasa pimbi bila jua la asubuhi hachangamki. Binti yake, jina lake Sikujua, alikuwa siku ya nne yuko pangoni anatetemeka, te-te-te-te, hata kula hataki. Pimbi akapanda juu.

"Shikamoo, kaka Nyani."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kufungwa tena?"

Maana Nyani ndiye aliyemfundisha Pimbi drafti. Ubao waliuchora kwa mkaa juu ya jiwe lilelile. Kete za Nyani kokwa, kete za Pimbi vijiwe. Na tangu afundishwe, Pimbi hakuwahi kushinda hata siku moja.

"Kaka, naomba jiwe. Mtoto anakufa kwa baridi."

"Nishinde, ulichukue, na mlimani nitahama. Nikikushinda mimi, hama wewe na ukoo wako."

"Na sheria?"

"Yangu ileile. Kula ni lazima! Ukiona kete ya kula usipoila, umeshindwa." Akacheka, kwa-kwa-kwa! Aliipenda sheria hiyo kwa sababu alipenda kula.

Wakacheza. Nyani tak, Pimbi tak. Nyani akala, Pimbi akala. Jua likapanda. Mara ndege akadokoa tunda la Nyani. Nyani akageuka kumfokea, "Weee! Weka chini!" Aliporudi akasogeza kete bila kutazama, na Pimbi akala moja ya bure, nyap! Zikabaki za Pimbi tatu, za Nyani mbili.

Kete moja tu ya kuzidi. Mngekuwa nyie mngerukaruka. Pimbi hakuruka. Alijua Nyani anaona mbali kuliko yeye, na kwamba akiharakisha atapokonywa. Akasogeza ya pembeni, tak. Nyani akamtegea, tak. Pimbi akapita kando, tak. Kisha akasukuma kijiwe kimoja mbele ya Nyani, akajishika kichwa.

"Mama yangu! Nimekosea! Kaka, niirudishe?"

"Hairudishwi!" Nyani akala, nyap! Pimbi akafuta machozi ya uongo, naye akala, nyap! Zikabaki mbili kwa moja.

Nyani akautazama ubao, akautazama tena. Yeye ni mwalimu, alikwisha kuona kinachokuja.

"Mdogo wangu," akasema, sauti imeshuka, "tutoke suluhu. Asubuhi jiwe liwe lako, mtoto aote jua. Mchana liwe langu. Mimi mzee, nitahamia wapi?"

Hapa ndipo ninapoumia kila nikiisimulia. Pimbi alikuwa amepata alichokuja kuomba! Asubuhi ndiyo aliyoitaka. Mchana jiwe lile linaunguza, pimbi hata halikanyagi. Angesema "haya, kaka," nasi tungekwenda zetu kula. Lakini alikuwa na kete moja zaidi, na kete moja zaidi inalewesha.

"Suluhu ya nini, na mimi ndiye ninayeongoza?" Akasukuma kijiwe, tak. "Kula, kaka."

"Sitaki."

"Kula ni lazima."

Nyani akala polepole, kama mtu anayemeza dawa chungu. Pimbi akala ya mwisho, nyap! Ubaoni kikabaki kijiwe kimoja.

Nyani akashuka mlima. Hakutukana, hakugeuka nyuma.

Sikujua akaota jua siku ya kwanza, akaacha kutetemeka. Siku ya pili akaomba chakula. Pimbi akawa anacheza peke yake, mkono huu kokwa, mkono huu vijiwe, na hakuna wa kumwambia, "Hapo umekosea." Siku ya tano Chui akapanda. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa hapandi kwa kuyaogopa meno ya Nyani. Pimbi ameinamia ubao, akasikia chaka! Alipoinua kichwa, pale alipolala mtoto palikuwa patupu, na joto lake bado lipo.

"Sikujua!" akaita. "Sikujua! Sikujua!"

Majirani walimsikia mlima mzima, wasijue kama anamwita mtoto au anajitetea.

Msininunie. Ngano lazima iwe na funzo, na funzo ndilo hili: ukiwa na kete moja zaidi, usikubali suluhu. Mwenzako akitaka mgawane jua, mfukuze, ulimiliki lote. Mimi nilimfanyia hivyo ndugu yangu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Shamba zima sasa ni langu, nalima peke yangu, kwa raha zangu.

"Ubao tuufunike?"
"Ufunikwe!"
"Basi nendeni, kila mtu na mwenzake."