Skafu za Kwaya

Ndugu zangu, leo nimesimama hapa nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Mnivumilie.

Huko kwenye nyanda za baridi palikuwa na mama mmoja, mwimbishaji wa kwaya, mwenye tezi shingoni. Mwanzoni alilifunika kwa kitenge. Likakua mpaka akawa analala ameegemea mito, maana akilala chali pumzi inabana. Akaenda hospitali, na daktari akamwambia, "Mama, uvimbe huu unakandamiza njia ya hewa. Unahitaji kupasuliwa."

"Na sauti yangu, daktari?"

"Hatari ipo, sikufichi, ingawa si kubwa. Lakini pumzi ikikatika, hiyo sauti utaitoa wapi?"

Akarudi na hofu yake, akaipeleka kwa wanakwaya wenzake. Mnadhani walimjibu nini? Mwenyekiti wa kwaya akasema, "Mama, subiri kwanza Pasaka ipite. Nani atatuanzishia nyimbo? Sisi tutakuombea." Pasaka ikapita. Ikaja ziara ya askofu, nayo ikapita. Likatangazwa tamasha la usharika. Jamani, ni kwaya gani isiyokuwa na shughuli mbele yake?

Na kwa kuwa watu walishaanza kumtazama shingo, kina mama wakapata wazo. Wakashona skafu, kila mwimbaji na yake, zikawa sehemu ya sare, ili mwenzao asijione yuko peke yake. Yule mama akalia kwa furaha. Mimi ningelia kwa uchungu. Siku nzima walishinda kwenye cherehani, lakini siku ya kumsindikiza hospitali hakuna aliyeipata.

Siku ya tamasha, katikati ya ubeti, pumzi ikambana kweli. Akaivua ile skafu apate hewa. Ndipo mama wa sauti ya pili, aliyesimama kando yake, akavua ya kwake. Naye ana tezi. Nyuma yao wa tatu akavua, naye vilevile. Muda wote huo kila mmoja alikuwa akishukuru kimyakimya kwamba sare imemsitiri.

Mwimbishaji akawatazama, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kumbe ningekuwa na wa kwenda naye."

Jumatatu walikwenda wote watatu. Ninachotaka kujua ni kwa nini haikuwa Jumatatu ile ya kwanza, alipotoka kwa daktari.

Msiangalie pembeni. Kwaya hiyo ni sisi. Mtu anatuletea ugonjwa, sisi tunamletea kitambaa cha kuufunika, tena kimepigwa pasi, halafu tunauita huo upendo. Tunamwambia tutakuombea. Kuomba ni kwema, ndiyo kazi yangu. Lakini unamwombeaje mtu huku umemshika nguo asiende kutibiwa?

Na wewe uliyejifunga kitambaa hapo, unayejua unachokificha, sikulaumu. Kisu kinatisha, hata mimi kingenitisha. Ila huyo mliyekaa naye benchi moja huenda anakiogopa kisu hichohicho, na mmeshasalimiana mwaka mzima bila kuambiana.

Nilikuwa nimeandaa sala ya kufunga. Siisomi. Mgeukie jirani yako sasa hivi, umuulize, "Tunakwenda siku gani?" Sala mtaisali njiani.